Zizi la Mara, Kijiji cha Gujarat, Jibini la Savoie

Utegi ni mji mdogo wa Mara. Zamani ulikuwa ndani ya Wilaya ya Tarime. Tangu 2007 uko Rorya. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga hapo kiwanda cha maziwa, kimojawapo cha shirika la umma lililoitwa Tanzania Dairies Limited. Vingine vilikuwa Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Mbeya, Tabora na Musoma. Kwa hiyo mkoa mmoja wa mbali, ulioko mpakani, ulipata viwanda viwili. Waliopanga walitazama mifugo ya Wakurya, Wajaluo, Wangoreme na jirani zao wakasema: penye ng'ombe wengi pana maziwa mengi, na penye maziwa mengi kiwanda hakikosi kazi.

Mambo hayakwenda hivyo. Ng'ombe wa kienyeji hutoa lita 1 au 2 kwa siku, na ndama ana haki yake kabla ya binadamu. Yanayobaki yanagandishwa nyumbani kwenye kibuyu, yananywewa na watoto, yanapewa mgeni, na kidogo kinauzwa kwa jirani. Masika maziwa yanazidi na njia hazipitiki. Kiangazi njia zinapitika na maziwa hayapo. Viwanda vya shirika lile vikaishi kwa kiasi kikubwa kwa unga wa maziwa wa msaada kutoka nje, uliochanganywa na maji na mafuta ya siagi kisha ukauzwa mjini. Miaka ya 1990 ilipoleta ubinafsishaji, shirika likafika mwisho wake.

Nimeanza na kiwanda kwa sababu hoja ileile imerudi. Sasa inasemwa hivi: penye ng'ombe wengi pana samadi nyingi, na penye samadi nyingi gesi ya kupikia haikosi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi jikoni ifikapo mwisho wa kipindi hicho. Gesi ya samadi, ambayo wengi huiita biogesi, ina nafasi yake humo, na mimi naitakia heri kwa moyo wote. Lakini ukiifuatilia historia yake huku kwetu na kwingine, utaona kwamba wingi wa ng'ombe haujawahi kuamua jambo hili. Linaamuliwa na mahali samadi na maziwa vinapokutana, na baada ya hapo linaamuliwa na mkono wa nani umevishika. Ndiyo maana naiweka Mara kando ya Gujarat ya India na Savoie ya Ufaransa, na njiani napita Meru ya Arusha na Kiserian ya Kenya, ambako si mbali.

Gujarat kwanza, kwa sababu inahusiana na ule unga. Mwaka 1946 wafugaji wa Kaira, eneo la mji wa Anand, waliunda umoja wao wa ushirika ili waachane na mfanyabiashara aliyekuwa akiwapangia bei. Wengi wao walikuwa na nyati wa kufugwa mmoja au wawili, si zaidi. Kila kijiji kikawa na chama chake, na kila asubuhi na jioni mtu analeta maziwa yake, yanapimwa wingi na mafuta, yanaandikwa, analipwa. Ndio ushirika ambao bidhaa zake dunia inazijua kwa jina la Amul. Mwaka 1970 Bodi ya Taifa ya Maendeleo ya Maziwa, chini ya Verghese Kurien, ilianza mpango wa kuueneza mfumo huo nchi nzima. Fedha za kuanzia zilitoka wapi? Zilitoka kwenye unga wa maziwa na mafuta ya siagi ya msaada kutoka Jumuiya ya Ulaya, kupitia Mpango wa Chakula Duniani. Ni msaada wa aina ileile uliofika kwetu. Tofauti ni kwamba wenzetu waliuuza na mapato yake wakayaweka kwenye vyama vya vijiji, magari ya maziwa na matangi ya kupozea. Unga ulipokwisha, maziwa ya vijijini yalikuwa tayari yana njia ya kupita.

Msomaji anaweza kuuliza hili linaihusu vipi gesi. Linaihusu kabisa. Katika kijiji cha Zakariyapura, huko huko Anand, bodi ileile ya maziwa imewasaidia akina mama kuweka mitambo midogo nyuma ya nyumba zao. Wanapikia gesi, na lile tope linalotoka, ambalo ni mbolea iliyokwisha kumeng'enywa, linanunuliwa na kutengenezwa mbolea ya kuuza. Kaskazini zaidi, ushirika wa Banas umekuwa ukinunua samadi kwa wafugaji kwa rupia 1 kwa kilo, na gesi yake inasafishwa na kuuzwa kwa magari. Katika yote hayo mtambo ndio sehemu nyepesi. Kijiji kile kilikuwa kimeishi miaka mingi na mazoea ya kupima, kuandika na kulipana kila siku kwa kitu kinachotoka kwa ng'ombe. Walipoongeza samadi juu ya maziwa, waliongeza safu moja kwenye daftari ambalo lilikwishafunguliwa.

Hapa niseme jambo kuhusu uchafu, maana mara nyingi wataalamu wageni hutanguliza kwamba watu wa vijijini wanaona kinyaa. Kwa Mara hilo si kweli, wala kwa Gujarat. Kwa Wakurya, samadi mbichi iliyochanganywa na udongo ndiyo inayosiriba ukuta na kulainisha sakafu, na ni kazi ya mikono ya wanawake. Gujarat nako husiriba vivyo hivyo, hutengeneza vibamba vya samadi vya kukausha juani kwa ajili ya moto, na siku inayofuata Diwali waumini wa Kihindu hulijenga rundo la samadi kwa umbo la mlima Govardhan na kulifanyia ibada. Mila hizi mbili hazifanani kwa imani, ila zote zinakubaliana kwamba kinyesi cha ng'ombe ni kitu chenye kazi. Kinyaa kinakuja pale choo cha watu kinapounganishwa na jiko, jambo linalowezekana kabisa kiufundi: katika makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Matunga, Bombay, gesi ilipatikana kwa njia hiyo tangu 1897. Kwa hapa kwetu ningeshauri mtu asilitangulize.

Mtambo wenyewe umefika Tanzania kwa njia ndefu. Mwaka 1951 Jashbhai Patel alibuni India mtambo wenye kofia ya chuma inayoelea juu ya samadi, ikipanda gesi inapoongezeka na kushuka inapotumika. SIDO, shirika la umma la viwanda vidogo, ikaileta aina hiyo hapa nchini mwaka 1975. Chuma kikashika kutu, na bei yake ikawa juu ya uwezo wa mkulima. Kisha 1981 kikaanzishwa Arusha CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, na kuanzia 1983 Wajerumani wakashirikiana nacho. Mhandisi Ludwig Sasse na wenzake wa Arusha wakaendeleza kuba la matofali na saruji linalofukiwa ardhini, lisilo na kipande cha chuma kinachosogea, ambalo wazo lake la msingi lilitoka China. Kuba la CAMARTEC limeendelea kuboreshwa na likatumika pia katika nchi jirani. Dodoma nako shirika la MIGESADO, kifupisho cha Miradi ya Gesi ya Samadi Dodoma, likafanya kazi katika nchi kavu zaidi. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa kitaifa wa biogesi ya majumbani, kwa msaada wa Waholanzi, na zaidi ya mitambo 10,000 ikajengwa nchini.

Iliposhika vizuri ni Arusha na Kilimanjaro, na sababu yake haina fumbo. Mmeru na Mchagga wa mlimani hana malisho ya kupeleka ng'ombe. Ng'ombe anakaa bandani chini ya migomba, majani anakatiwa na kuletewa, na kila anachokitoa kinaanguka palepale. Maji yapo kwenye mfereji. Mbolea inahitajika kwenye mgomba ulio hatua chache kutoka bandani. Ng'ombe wawili wa maziwa wanaofugwa hivyo hutoa kiasi cha kilo 40 za samadi kwa siku. Kilo moja hutoa lita 40 hivi za gesi, kwa hiyo siku moja inaleta takriban mita za ujazo 1.6, na jiko la kichwa kimoja linaweza kuwaka saa 4 hivi. Familia inapika uji, chai, ugali na mboga, ikabaki kidogo ya maharage. Kilimo cha mlimani kilikuwa kimeukusanya mtambo huo nusu kabla mhandisi hajafika.

Sasa tuje Tarime na Serengeti, na hapa ni lazima tuzitenganishe, kwa kuwa mipango mingi inazitaja pamoja kana kwamba ni nchi moja.

Tarime ya juu, yenye migomba, kahawa na mahindi, iko kwenye kimo cha mita 1,500 na kuzidi, mvua yake ni ya kuaminika, na mashamba yamebanana. Huko, katika kaya zenye ng'ombe wa maziwa waliochanganywa damu, mfugaji anazidi kufanana na Mmeru. Kituo cha kilimo na mifugo cha Mogabiri, kilicho karibu na mji wa Tarime na kilichotokana na kazi ya Kanisa Anglikana, kimekuwa sehemu ya mabadiliko hayo. Kuba la Arusha linaweza kushuka huko bila kubadilishwa sana. Angalizo ni baridi: vijidudu vinavyotengeneza methani hupenda joto la nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi, na chini ya 15 karibu vinalala. Usiku wa Tarime ni wa blanketi zito, kwa hiyo kuba lifukiwe vizuri, na samadi ikae humo siku 60 badala ya 40.

Serengeti ni habari nyingine. Ukishuka kuelekea Mugumu na vijiji vya Wangoreme, Wanatta na Waikoma, ng'ombe anaamka asubuhi anakwenda machungani, anarudi jioni. Zaidi ya nusu ya samadi yake inabaki porini, ambako nayo ina kazi yake ya kurutubisha nyasi. Inayobaki bomani ni ya usiku. Imekanyagwa, imechanganyika na mchanga na vipande vya miti, na jua la saa nne asubuhi linaikuta ikiwa imeanza kukauka. Mchanga ukiingia kwenye mtambo unatuama chini mpaka unaujaza. Ng'ombe wa kienyeji ni mdogo. Kwa samadi ya usiku peke yake unahitaji 8 hadi 10 kupata kile anachopata Mmeru kwa wawili. Kaya nyingi zinao hao. Kisichokuwapo ni maji. Samadi inataka maji kwa kiasi sawa na yenyewe, ndoo kwa ndoo, na kama ni iliyokauka inataka zaidi. Kilo 40 za samadi ni lita 40 za maji, kila siku ya Mungu, na anayekwenda kisimani ni mama au binti. Mradi unaosema umempunguzia mzigo wa kuni na papo hapo ukamwongezea mzigo wa maji haujamsaidia.

Na kuni za Serengeti si za kuchukulia kwa wepesi. Vijiji vimepakana na hifadhi ya taifa na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa 1994. Mwanamke anayetafuta kuni pembezoni mwa mapori hayo anakutana na nyati au anakutana na askari wa wanyamapori, na vyote viwili vina gharama. Kwa hiyo haja ya gesi ni kubwa zaidi hasa kule ambako mtambo una masharti magumu zaidi. Sijaona njia rahisi ya kulikwepa hilo.

Hapo ndipo watu wanapogeukia maziwa. Hoja inakuwa: kama samadi imetawanyika, basi tutumie taka za usindikaji, maana zenyewe zinakusanyika mahali pamoja. Kwa kemia hoja hii ina nguvu. Maziwa lita 10 yakitengenezwa jibini yanatoa kilo 1 ya jibini na lita 9 hivi za maji ya jibini. Maji hayo yamebeba karibu sukari yote ya maziwa pamoja na protini laini. Lita moja ya maji ya jibini ina uwezo wa kutoa gesi karibu sawa na kilo moja ya samadi. Maziwa mazima yaliyoharibika yana zaidi: ndoo ya lita 20, ikimeng'enywa yote, inaweza kutoa mita za ujazo 2 za gesi, yaani chakula cha familia cha siku nzima na kuzidi.

Lakini maji ya jibini yakimwagwa peke yake ndani ya mtambo yanauua. Sukari ya maziwa inachachuka haraka sana, asidi inapanda, na vijidudu vya methani, ambavyo ni vya polepole, vinakufa kabla havijaifikia. Mtambo unanuka na hautoi gesi. Dawa yake ni samadi. Mtambo mzuri ni tumbo la ng'ombe lililojengwa kwa matofali: vijidudu vyake ni ndugu wa vile vya tumboni, na samadi inavileta vikiwa hai, pamoja na chumvi zinazotuliza asidi. Ukitia samadi kwa wingi, kisha taka za maziwa kidogo kidogo kila siku, vyote viwili vinafaidika. Mafuta yasizidi, kwani yanaelea na kuganda juu. Maji ya kuoshea vyombo yenye magadi makali au klorini yasiingie, na maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa viuavijasumu yakae mbali kabisa. Ndiyo kusema taka za maziwa hazimwondoi mtu kwenye swali la samadi. Zinamrudisha palepale.

Savoie inatufundisha jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko kemia. Ni nchi ya milima ya Alpi, na jibini lake la Beaufort, lenye alama ya asili inayolindwa tangu 1968, linatokana na maziwa ya ng'ombe wanaopandishwa malisho ya juu wakati wa kiangazi. Hao nao ni wahamaji wa aina yake, ila wanahama kwenda juu na kushuka. Mfugaji mmoja hakuweza peke yake kupata maziwa ya kutosha gurudumu moja la jibini linalozidi kilo 20, basi waliungana na kuyapika pamoja. Maji ya jibini hayakuwa taka. Kwanza yalichemshwa tena kutoa jibini jepesi liitwalo sérac. Yaliyobaki yalikwenda kwa nguruwe. Miaka ilipopita jibini likawa jingi kuliko nguruwe, na maji hayo yakimwagwa mtoni yanaua samaki, kwa kuwa yanamaliza oksijeni ya maji. Ndipo wazalishaji wa Beaufort walipojenga Albertville kiwanda cha pamoja, na tangu 2015 mpangilio ni huu: mafuta yanatolewa yanakuwa siagi, protini inakaushwa inakuwa unga wa chakula, na kile cha mwisho kabisa, sukari isiyo na mnunuzi, ndicho kinachoingia kwenye mtambo wa gesi na kuwa umeme. Waliokijenga walisema unatosha mji wa watu 1,500 hivi.

Angalia utaratibu huo. Kwanza mdomo wa mtu, kisha wa mnyama, kisha moto. Gesi ilikuja mwisho, na ilikuja kwa sababu waliokuwa mbele yake kwenye foleni walikwishashiba.

Mara hatujafika huko, na ni vizuri kulisema bila haya. Maziwa yakigandishwa kwenye kibuyu, maji ya mtindi hayamwagwi. Yanachanganywa tena na kunywewa, au anapewa ndama, au mbwa wa boma. Hata enzi za Waingereza, Musoma na Mara Kaskazini zilikuwa zikitoa samli kwa ajili ya soko. Siagi ya kutengenezea samli ikiondoka, maziwa yaliyotolewa mafuta yanabaki kijijini, na tumbo la kuyapokea halikosekani. Mtu anayekuja na mradi wa kuyatia hayo kwenye mtambo anaita taka kitu chenye mwenyewe. Katika wilaya zenye watoto waliodumaa, lita ya maji ya mtindi inayofaa kunywewa haina sababu ya kuwaka jikoni. Taka ya kweli ya maziwa huku ni ya namna tatu tu: maziwa yaliyokataliwa kwenye kituo cha kukusanyia kwa kuwa yamechachuka au yameongezwa maji, maji ya kuoshea mitungi na matangi, na ziada ya masika isiyofika sokoni.

Hiyo ya kwanza inauma. Mama ametembea na ndoo, mpimaji ametumbukiza kipimo, akatikisa kichwa. Maziwa yanarudi nyumbani au yanamwagwa kando ya njia. Hakuna mahali pengine katika mnyororo wote ambapo thamani inapotea waziwazi kiasi hicho, na hakuna mahali pengine ambapo mtambo wa gesi ungekuwa na kazi ya haki zaidi.

Kuna mfano mmoja wa jirani unaonipa matumaini kuliko yote, nao hauhusu maziwa. Kiserian, Kajiado, nchi ya Wamaasai wa Kenya, kuna machinjio ya Keekonyokie. Damu na mavi ya tumboni yalikuwa kero kwa majirani. Machinjio ikajenga mtambo, na gesi yake ikawaka pale pale na baadaye ikaanza kushindiliwa ili iuzwe. Hawa ni wafugaji wa kuhamahama, ambao wataalamu wangesema biogesi haiwafai. Haikuwafaa bomani, ni kweli. Iliwafaa mahali ng'ombe wao wanapokutana. Hale, Tanga, mkonge ulionyesha kitu hichohicho mwishoni mwa miaka ya 2000: majimaji na makapi yanayomwagika chini ya korona, mashine ya kuchakata mkonge, yakaingizwa kwenye mtambo yakatoa umeme, kwa sababu taka zote za shamba zima zilikuwa zinaangukia sehemu moja.

Mwenyeji wa Mara atauliza swali ambalo Gujarat ililijibu kimyakimya: ni ya nani? Kwa Wakurya ng'ombe ni wa baba kwa jina, lakini katika boma la wake wengi kila nyumba ina ng'ombe wake waliotengwa, na watoto wa kiume wa nyumba hiyo wataoa kwa ng'ombe hao. Maziwa ya nyumba yako mkononi mwa mama. Ipo pia desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate warithi. Humo mwenye boma ni mwanamke. Wanasheria na wanaharakati wameijadili kwa ukali, na yapo ya kujadiliwa, hasa pale binti mdogo anapoingizwa bila hiari. Lakini kwa jambo letu inaonyesha kwamba mila ya Kikurya inajua vizuri kabisa jinsi ya kuandika mali ya ng'ombe kwa jina la nyumba ya mwanamke. Samadi hadi leo haijaandikwa kwa jina la mtu yeyote, kwa kuwa haikuwa na bei. Ikipata bei, mwenye zizi atajitokeza. Maziwa yenyewe yamekwishapita njia hiyo kwingi Afrika Mashariki: yalikuwa ya mama yalipokuwa ya kibuyu, yakawa ya baba yalipoanza kulipwa kwa mwezi.

Kwa hiyo kama ningeulizwa pa kujenga, nisingeanza na nyumba 500. Ningeanza na kituo kimoja cha kukusanyia maziwa Tarime ya juu, chenye maji ya bomba au ya paa na tangi la kupozea. Mtambo ungejengwa ubavuni mwake. Maziwa yaliyokataliwa yangepimwa kama yale yaliyokubaliwa na kulipwa kidogo, na asiyetaka kuyaacha ayabebe aende nayo. Aliyeongeza maji makusudi asilipwe. Samadi ingeletwa kwa ndoo na kaya za jirani, na ndoo ingeandikwa kwa jina la aliyeileta, awe mke wa kwanza, wa tatu au binti. Gesi isingesafirishwa popote: ingechemsha maji ya kuoshea mitungi, kazi ambayo kwenye vituo vingi hufanywa kwa kuni au haifanywi, na mtungi usiooshwa kwa maji ya moto ndio unaochachua maziwa ya kesho. Tope lingerudi kwa waleta ndoo kwa hesabu ya ndoo zao, liende kwenye migomba na kahawa.

Upande wa Mugumu ningesubiri, au ningeanza na sehemu ambayo maji na samadi vimekwisha kutana bila kulazimishwa: machinjio, shule ya bweni yenye ng'ombe wake, au boma kubwa lililo karibu na lambo. Zizi liwekwe sakafu ngumu kwa sehemu tu, hapo wanapolala ng'ombe wanaokamuliwa, ili mchanga usiingie. Na ukubwa wa tangi upimwe kwa samadi ya Agosti, ng'ombe wakiwa mbali kwenye malisho na ndoo ya maji ikiwa mbali zaidi, usipimwe kwa samadi ya Aprili.